Rimu Isiyokubali Nyundo

Ukitoka Gikomba kuelekea Shauri Moyo, Kamukunji unaisikia kabla hujaiona: nyundo za jua kali zikigonga mabati na mapipa ya zamani yanayogeuzwa kuwa makarai, masufuria na masanduku. Kazi yote ile imesimama juu ya tabia moja ya metali: ukiigonga inapinda, na inabaki ilivyopinda. Fundi wa baiskeli naye anakula kwa tabia hiyo hiyo. Rimu ya alumini iliyojikunja shimoni anaitandika juu ya kipande cha mbao, anakaza spoki huku na kulegeza kule, na mteja anapanda anaenda zake.

Rimu ya kaboni haikubali nyundo. Anayetaka kubadilisha rimu ya baiskeli ya milimani bila kuumiza mfuko inafaa aanzie hapo, kabla hajauliza bei.

Nyuzi za kaboni nyingi hutokana na poliakrilonitrili, jamaa wa karibu wa zile sweta za akriliki zinazofunguliwa kwa marobota pale Gikomba. Huchomwa kwanza hewani kwenye joto la Selsiasi 200 hadi 300, kisha bila oksijeni kwenye joto linalozidi 1,000, mpaka karibu nusu ya uzito wake igeuke gesi. Kinachobaki ni kaboni karibu tupu. Uzi mmoja una unene wa takriban mikromita 7. Unywele wa mtu hufika 70. Kampuni ya Toray ya Japani ilianza kuuza nyuzi hizi mwaka 1971. Kwenye rimu hulazwa tabaka juu ya tabaka, kila moja na pembe yake, zikashikanishwa kwa gundi ya epoksi.

Kuvutwa, nyuzi hizo zinavumilia kuliko chuma. Lakini jiwe la vilima vya Ngong halivuti, linapiga. Pigo likizidi kipimo, tabaka zinaachana, na mara nyingi zinaachana ndani kwa ndani huku rangi ya juu iking'aa kama jana.

Wauzaji husifu wepesi. Tupige hesabu. Rimu nzuri ya alumini ya inchi 29 ina kama gramu 550, ya kaboni kama 430. Jozi inakuokolea gramu 240. Kwa kuwa rimu inasonga mbele na pia inazunguka, wakati wa kuongeza kasi gramu hizo huhesabika karibu mara mbili, sawa na nusu lita ya maji. Kwenye mlima, ukipanda kwa mwendo mmoja, mzunguko hauongezi chochote: mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 85, mpando wa saa nzima utapungua kwa sekunde kama 10. Faida ya kweli ya kaboni ni ugumu wake, gurudumu linakaa sawa bila kuyumba. Kwa hiyo kati ya rimu mbili za kaboni za bei nafuu, mimi nachukua ile nzito yenye kingo nene, kwa sababu kingo ndizo zinazogongwa na jiwe.

Rimu ya kaboni iliyotumika ni kamari. Anayeitaka lazima aigonge kwa sarafu kuizunguka yote, kama mnunuzi agongavyo chungu sokoni. Mlio ukibadilika ghafla kutoka mkali hadi mzito, tabaka zimeachana. Aiache. Pesa zikiwa zinatosha hiyo tu, alumini mpya ni salama zaidi, tena kwa mbali.

Kisha vipimo. Rimu ya inchi 29 tairi lake hukaa kwenye kipenyo cha milimita 622, ilhali baiskeli ya Black Mamba ya inchi 28 hutumia 635. Naam, 29 ni ndogo kuliko 28. Soma milimita, inchi ziache. Habu na spoki za zamani zinaweza kubaki iwapo idadi ya matundu inalingana, 28 au 32, na iwapo kipenyo kati ya ncha za spoki kinalingana. Fundi anakipima kwa spoki mbili kuukuu zilizokatwa milimita 270 kila moja: anazipitisha kwenye matundu yanayotazamana, anazivuta zielekeane katikati, anapima pengo. Likiwa 58, kipenyo ni 598. Kikitofautiana na cha zamani kwa milimita 4, kila spoki inahitaji kubadilika kwa 2, na hapo ni heri kununua spoki mpya.

Rimu hizi za kaboni ni za breki za diski pekee. Mpira wa breki ukizisugua kwenye mteremko mrefu, joto hulainisha epoksi. Na rimu isiyo na ndoano ukingoni isijazwe upepo kupita bar 5, karibu psi 73, hata mwenye pampu akisema tairi bado laini. Msituni Karura, psi 25 zinatosha watu wengi.