Upatanisho wa Ngeli na Picha za Ubongo: Suala la Mpango wa Jaribio

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jaribio la kupiga picha za ubongo unaofanya kazi linavyopangwa, na kwa nini wanaisimu hawana budi kushiriki tangu mwanzo. Mfano wetu ni wasemaji wa Kiswahili wa Nakuru, Njoro na Molo.

Kwanza ieleweke kwamba mtambo wa sumaku hauoni fikra. Unachopima ni damu. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu yenye oksijeni huzidi mahali hapo, na tabia yake mbele ya sumaku ni tofauti na ya damu iliyopungukiwa na oksijeni. Seiji Ogawa na wenzake walilieleza jambo hili nchini Marekani mwaka 1990. Mabadiliko hayo huja polepole: kilele chake hufika sekunde 5 hivi baada ya neno kusikika. Tena, kipimo kimoja peke yake hakina maana. Maana hupatikana kwa kulinganisha hali mbili au zaidi. Uteuzi wa hali hizo ndio moyo wa jaribio.

Tuseme mtafiti anauliza jinsi ubongo unavyoshughulikia upatanisho wa ngeli. Huenda akalinganisha:

(1) Kitabu kimeanguka.
(2) Kitabu imeanguka.

Kwa mujibu wa Kiswahili sanifu, (2) ni kosa. Lakini sokoni na katika vituo vya matatu vya Nakuru, (2) ni usemi wa kila siku. Msemaji asiposhtuka, mtafiti atadai kwamba ubongo wake hautambui sarufi, kumbe umetambua sarufi yake mwenyewe. Hapo kosa ni la jaribio, wala si la msemaji. Na likishachapwa kwa picha za rangi, hugeuka hukumu juu ya watu.

Kwa hiyo yafaa kuongeza hali ya tatu, isiyo ya sanifu wala ya mtaani:

(3) Kitabu wameanguka.

Sentensi zote tatu zina silabi nane, hivyo tofauti haitatokana na urefu. Iwapo (2) itakaribia (1) na kuachana na (3), tutakuwa tumejifunza jambo. Aidha, watafitiwa wagawanywe kwa lugha ya kwanza: Kikuyu kina ngeli za Kibantu, Kikalenjin hakina. Umri wa kujifunza Kiswahili nao uandikwe.

Pili, sentensi za aina moja zisipangwe mfululizo, maana msikilizaji ataanza kubashiri. Zichanganywe, na muda kati yake ubadilike-badilike, ili mwitikio wa damu wa kila moja uweze kutenganishwa.

Tatu, hesabu. Ubongo ukigawanywa katika vijisehemu 60,000, na kila kimoja kikipimwa kwa kiwango cha 1 kwa 1,000, bahati tupu yaweza kuwasha 60. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimwonyesha samaki mfu picha za watu. Pasipo kurekebisha hesabu, ubongo wake ulionekana kufanya kazi.

Ni dhahiri basi kwamba mtambo hujibu swali aliloulizwa tu. Kulitunga swali hilo kwa haki kwahitaji mtu anayejua jinsi Nakuru inavyosema.