Triga ya .22 ya Shambani: Ibadilishwe au Iachwe?

Wiki chache zilizopita nilipita kwa kijana mmoja hapa Kentucky, si mbali na Bowling Green. Analima lengalenga, sukuma wiki na maharage, anauza soko la Jumamosi. Nikamkuta amesimama kwenye tuta la maharage, mikono kiunoni. Mstari mzima umekatwa kama mtu amepita na mundu usiku. Graundhogi. Wale wanyama wanene wachimba mashimo mnawajua, ambao wakishazoea shamba lako wanakula kuliko wateja wako.

Kijana akaingia ndani, akatoka na bunduki yake, Ruger 10/22 ya mitumba aliyoinunua dukani kihalali. Akaniambia, "Kaka, jana nilimwona, nikamkosa mara mbili. Hii triga ni ngumu kama pampu ya kisima. Nimeona nyingine mtandaoni, dola 35 tu. Ninunue?"

Nikamwambia asinunue kwanza, tuzungumze. Mazungumzo yale ndiyo ninayowaandikia leo, maana yeye si wa kwanza kuniuliza.

Kabla ya yote, mimi ni afisa ugani, kwa hiyo lazima niseme la ugani: uzio kwanza. Waya wenye urefu wa futi tatu juu ya ardhi, na futi moja umefukiwa chini, unazuia graundhogi wengi. Ukiongeza waya mmoja wa umeme inchi nne au tano kutoka ardhini, mbele ya uzio, ndiyo mambo yanakuwa mazuri zaidi. Bunduki ni ya yule mmoja aliyekataa kuelewa. Na kanuni za kuwapiga hao wanyama zinatofautiana jimbo kwa jimbo, piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo lako uulize. Pia wale mlio huku kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida sheria ya shirikisho haikuruhusu hata kuishika bunduki ya jirani. Usijaribu kwa sababu umemwona mwenye shamba anafanya. Hilo linaweza kukurudisha nyumbani vibaya.

Sasa tuje kwenye triga yenyewe.

Ukibonyeza triga, kuna ulimi mdogo wa chuma ndani unaoishikilia nyundo isiruke. Ulimi ukiteleza ukaachia, nyundo inagonga pini, pini inaponda ukingo wa ganda la risasi. Kwenye .22 baruti ya kuwashia imekaa ndani ya ukingo huo, si katikati kama risasi kubwa. Hayo tu. Kila unachokilalamikia kwenye triga kinatokana na jinsi ule ulimi na ile nyundo vinavyoshikana: vimeshikana kwa kina gani, vyuma vyao ni laini au vina mikwaruzo, na springi zinasukuma kwa nguvu kiasi gani.

Watu wanaongelea uzito tu. "Yangu ni ratili 6, nataka 2." Lakini uzito si kila kitu. Triga ya ratili 4 inayokatika safi, kama kuvunja kijiti kikavu, utapiga nayo vizuri kuliko ya ratili 3 inayokwaruza na kusitasita njiani, huelewi itaachia saa ngapi. Kusitasita huko ndiko kunakokufanya uvute mkono, mtutu uhame, risasi iende pembeni. Na mkulima anayelenga kichwa cha mnyama kwa yadi 40, inchi moja pembeni ni mnyama aliyejeruhiwa anayekwenda kufia shimoni. Hakuna mkulima wa maana anayelitaka hilo.

Kwa nini nilimzuia yule kijana na triga ya dola 35? Kwa sababu mimi mwenyewe nilishapita njia hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kifurushi cha springi laini na ulimi wa kubadilisha, bei ya chini, kampuni sitaitaja. Nikaweka mwenyewe jioni moja, nikiwa nimechoka, nikifuata video. Triga ikawa tamu ajabu. Kesho yake niko nyuma ya gereji, naweka magazini, navuta boliti nyuma naiachia ijipeleke mbele. Kidole changu hakikuwa kwenye triga. Bunduki ikalia.

Risasi iliingia ardhini hatua mbili kutoka miguuni mwangu, kwa sababu tu nilikuwa nimeelekeza mtutu chini. Mpwa wangu alikuwa anavuka uwanja na trei ya miche ya nyanya. Akasimama, akaniangalia. Sikuwa na la kumwambia. Baadaye fundi wa bunduki alinionyesha tatizo: ulimi ulikuwa umeshikilia nyundo kwa ncha tu, kama mtu aliyening'inia ukingoni kwa kucha. Boliti ilipogonga mbele, mtikisiko mdogo ukatosha kuiachia. Tangu siku hiyo triga kwangu si pambo la bunduki.

Basi kabla hujatoa hela, fanya haya.

Isafishe kwanza. .22 ni risasi chafu, inaacha masizi, nta na vipande vya risasi yenyewe ndani. Ongeza vumbi la nyasi na mafuta mengi uliyomimina mwaka juzi, unapata uji mweusi. Bunduki nyingi za mitumba ambazo watu wanasema triga yake mbovu, ni uchafu tu. Hakikisha haina risasi, angalia kwa macho na kwa kidole, toa magazini, ndipo ufungue. Safisha, kausha, weka tone la mafuta, si kijiko.

Halafu soma kitabu chake. Inawezekana triga yako inarekebishika na wewe hujui. Savage zenye AccuTrigger, CZ 457, Ruger American ya .22, zote hizo zina skrubu ya kurekebisha uzito kutoka kiwandani. Nimeshawahi kumkuta mtu mwenye Savage anatafuta triga ya kununua wakati funguo ya kuirekebishia iko kwenye boksi, haijaguswa. Rekebisha ndani ya mipaka iliyoandikwa, usiipite.

Kama ni 10/22, kweli ile haina skrubu, na ya kawaida kutoka kiwandani ni nzito, mara nyingi ratili 5 hadi 6 na zaidi. Bunduki hii iko sokoni tangu 1964, kwa hiyo vipuri vyake ni vingi kama vya trekta la Massey Ferguson. Ndiyo faida yake, na ndiyo hatari yake, maana kila mtu anatengeneza.

Njia ninayoipendekeza kwa mkulima ni kubadilisha kasha zima la triga, si kipande kimoja kimoja. Kwenye 10/22 triga, nyundo, ulimi na kifungo cha usalama vyote vimekaa kwenye kasha moja linaloshikiliwa na pini mbili. Unatoa bunduki kwenye kitako, unasukuma pini, kasha linatoka zima, jipya linaingia. Aliyelitengeneza ndiye aliyepanga ulimi na nyundo vishikane vipi, si wewe na mwanga wa simu. Ruger wenyewe wanauza linaloitwa BX-Trigger, lina uzito wa ratili 2 na nusu hadi 3. Mimi nililipata kwa chini ya dola 100. Timney na KIDD ni wazuri zaidi, kazi safi sana, lakini bei yao inapita dola 200 na kwa KIDD zaidi ya hapo. Hao ni kwa mtu anayeshindana kulenga shabaha. Kwa graundhogi kwenye maharage, sioni sababu.

Kuna njia ya katikati, kubadilisha nyundo peke yake. Volquartsen wa kule Iowa wanatengeneza nyundo nzuri inayopunguza uzito vya kutosha. Ni kipuri kizuri, ila kukiweka kunataka kufungua kasha lote, na springi zinaruka kama panzi. Kama huna uzoefu, mpe fundi wa bunduki. Malipo yake ni madogo kuliko yaliyonipata mimi.

Usiguse ulimi kwa tupa au msasa. Hata kidogo. Chuma kile kimekomazwa juu tu. Ukiukwangua utando ule, leo inapiga vizuri, baada ya risasi mia kadhaa imelika na haishikilii. Na springi laini ya nyundo ina kasoro nyingine ambayo watu hawaisemi: .22 inahitaji pigo kali kwenye ukingo ili iwake. Ukilegeza springi unaanza kupata risasi ambazo hazilii, hasa asubuhi za baridi mafuta yakiwa mazito.

Mkiona mtandaoni kifaa kinachoahidi risasi nyingi kwa kubonyeza mara moja, kimbieni. Kwa sheria ya shirikisho hicho ni mtutu wa rashasha, na kifungo chake si cha mchezo. Hasa kwa sisi ambao wengine bado tuna makaratasi ya uhamiaji mezani.

Uzito gani unafaa? Kwa bunduki ya shamba mimi nasema ratili 3 hadi 4. Chini ya 2 waachie wa mezani wanaopiga shabaha wakiwa wamekaa kwenye kiti. Wewe unatembea kwenye matuta, unaruka mfereji, Novemba umevaa glavu nene na kidole hakihisi kitu. Triga laini na glavu ni ndugu wabaya.

Ukishaweka, usitoke nayo shambani moja kwa moja. Bunduki ikiwa tupu, mtutu kwenye lundo la udongo, washa kifungo cha usalama, bonyeza triga kwa nguvu. Nyundo isianguke. Acha triga, toa usalama. Isianguke pia. Vuta boliti iachie igonge mbele kwa nguvu mara kumi, kidole mbali na triga, kila mara hakikisha nyundo imebaki imeshikwa. Chukua nyundo ya mpira, gonga kitako, gonga pembeni. Ikianguka hata mara moja katika hizo zote, hiyo bunduki haina triga, ina bahati. Rudisha ya zamani.

Kwenye kujaribu mtabonyeza bila risasi. 10/22 inavumilia, kitabu chake kinaruhusu, lakini .22 nyingi za zamani pini inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Tumia zile plagi za plastiki za njano za kufungia skrubu ukutani, namba 4 hadi 6. Zinaingia kwenye chemba kama zilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Ndipo uende uwanja wa shabaha. Weka risasi moja kwenye magazini, piga. Halafu mbili. Ikitoka zote mbili kwa kubonyeza mara moja, simama hapo hapo, toa magazini, mpelekee fundi. Ikienda sawa, jaza, na ujaribu aina tatu nne za risasi, kwa sababu kila mtutu wa .22 una chakula chake. Nimeona shabaha ikisinyaa nusu kwa kubadilisha boksi la risasi tu, triga ile ile. Na kumbuka boksi lenyewe linakuonya: risasi hii ndogo inaweza kusafiri zaidi ya maili moja. Nyuma ya graundhogi pawe na udongo, si nyumba ya jirani.

Nyumbani ikae kabatini imefungwa, tupu, risasi kabati lingine. Kufuli ya waya inayopita ndani ya chemba ni bora kuliko ile inayobana triga, hasa ukishailegeza triga.

Yule kijana tuliisafisha bunduki yake siku ile ile juu ya meza ya kufungashia mboga. Kilichotoka ndani ni kama kifuniko cha chupa cha uchafu mweusi. Tukapima kwa mizani ya triga ya fundi wa mjini: ratili 7 kabla, 6 baada. Bado nzito. Akanunua kasha la kiwandani, fundi akalikagua, tukafanya majaribio yote nyuma ya ghala lake, mke wake na mtoto wakiwa ndani ya nyumba. Hela iliyobaki akanunulia waya wa uzio, robo tatu ya shamba imekamilika. Jumanne alinitumia picha. Mmoja, kwa yadi 35, risasi moja. Maharage ya awamu ya pili ameshayapanda, na ile robo ya uzio iliyobaki ameniahidi ataimaliza kabla hayajaota.