Macho ya Dereva Yako Wapi?

Simama saa nne za asubuhi penye pembe ya mtaa wowote wa Kariakoo, ukawatazame madereva wapitao. Utamtambua upesi yule atafutaye mahali pa kuegesha. Gari lake lajongea, mara husimama ghafula pasipo ishara, na shingo yake ameigeuzia kando apate kuona nani aondoka. Mbele hatazami.

Wengi hudhani kwamba mwendo wa polepole hauna hatari. Wamekosea. Gari liendalo kilomita 20 kwa saa hupita mita 11 katika sekunde mbili. Ndani ya mita hizo huwamo msukuma mkokoteni, mchukuzi mwenye furushi kichwani, na mama aliyemshika mwanawe mkono.

Wala si jambo la shingo tu. Akili iliyoshughulika kutafuta kitu kimoja huacha kuona kingine, hata kikiwa mbele ya macho. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Marekani, Simons na Chabris, waliwaonyesha watu filamu ya wachezaji wakipasiana mpira, wakawaagiza wahesabu pasi. Mtu aliyevaa vazi la sokwe akapita katikati ya wachezaji. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona!

Kisha huja hasira. Aliyezunguka mara tatu, akaona nafasi yachukuliwa na mwingine, hupiga honi, hurudi nyuma bila kuangalia, au huliacha gari katikati ya njia.

Lakini lawama si ya dereva peke yake. Profesa Donald Shoup alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2005 kwamba madereva wa Westwood, Los Angeles, walizunguka wastani wa dakika tatu na zaidi kabla ya kupata nafasi, kwa sababu kuegesha barabarani kulikuwa rahisi mno. Mwaka 2011 mji wa San Francisco ulianza kupandisha ada penye msongamano na kuishusha penye nafasi, ili pasikose pengo.

Wapo watakaosema kwamba ada ni mzigo kwa mnyonge. Mnyonge yupi? Msukuma mkokoteni hana gari. Halmashauri za miji na zitenge kwanza mahali pa kushushia mizigo, kisha zitoze ada ya haki kwa waegeshao kutwa nzima mbele ya maduka.