Kamba Ifungwe Wapi? Mahali Salama pa Kuvutia Gari Lililokwama

Masika yanapoingia, kati ya Machi na Mei, barabara za ndani za Kinyerezi, Bonyokwa, Kifuru na Malamba Mawili hugeuka utelezi, na miteremko inayopitwa bila kufikiriwa wakati wa kiangazi huanza kunasa magari, hata yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Gari likikwama, swali la kwanza huwa ni nani ana kamba. Swali lenye uzito zaidi, yaani kamba hiyo ifungwe wapi, kwa kawaida hujibiwa na mtu aliyeinama kwenye tope karibu na bampa, kwa kushika chuma cha kwanza anachokiona. Uamuzi huo wa sekunde chache unaweza kuua. Makala haya yanalenga kumsaidia mwenye gari aufanye mapema, gari likiwa limeegeshwa nyumbani mahali pakavu.

Nguvu inayohusika

Kwenye lami, watu wachache huweza kusukuma gari la tani 2 kwa mikono. Kwenye tope hali ni tofauti. Kanuni inayotumiwa na wakokotaji wa magari ni kwamba gari lililozama hadi usawa wa magurudumu hung'ang'aniwa kwa nguvu inayokaribia uzito wake wote. Likizama hadi usawa wa madigadi, nguvu hiyo huweza kufikia mara mbili ya uzito huo.

Hapo hatujahesabu mshtuko. Madereva wengi hulegeza kamba, kisha huliondoa gari linalovuta kwa kasi ili kamba ikaze ghafla. Gari la tani 2 linalokwenda kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, hubeba nguvu sawa na ya mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioangushwa kutoka kimo cha karibu mita 16, yaani kama ghorofa ya tano. Nguvu hiyo lazima izimwe mahali fulani. Ikizimwa na mkanda unaovutika kwa mita 1, wastani wa mvuto hubaki chini ya tani 1. Ikizimwa na mnyororo ndani ya sentimita 5 tu, wastani huo hupita tani 15. Hakuna chuma cha kawaida chini ya bampa kilichokusudiwa kubeba mzigo kama huo, na kitu dhaifu kuliko vyote katika mnyororo mzima ndicho kitakachoruka.

Vyuma vinavyodanganya

Magari mengi yanayotembea Dar es Salaam yaliingia nchini yakiwa yametumika, na sehemu kubwa yalitoka Japani kwa meli. Ndani ya meli gari hufungwa sakafuni kwa mikanda ili lisisogee mawimbi yakipiga. Kwa ajili ya safari hiyo, chini ya gari, mbele na nyuma, huwekwa vitanzi au vibamba vyenye matundu. Machoni pa mtu asiyejua, kitanzi hicho kinafanana kabisa na mahali pa kuvutia gari: ni cha chuma, kiko mahali panapofikika, na ndoano inaingia vizuri. Hata hivyo, kiliundwa kushikiliwa kuelekea chini, kwa mvuto mdogo na wa taratibu. Mara nyingi chuma chake ni chembamba, na kimefungwa kwa bolti moja ndogo au kimepachikwa kwenye bati. Kazi yake ilikwisha siku gari liliposhushwa bandarini.

Tofauti hutambulika kwa kuangalia mambo mawili. La kwanza ni kilichoshikilia kitanzi: kama ni bati la bodi au bolti nyembamba, kiache. La pili ni uelekeo wake: kitanzi kinachotazama chini au pembeni hakikuundwa kwa mvuto wa mbele. Kitabu cha mwongozo cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Tunafahamu kwamba vitabu vingi vya magari haya vimeandikwa kwa Kijapani, lakini michoro yake inasomeka bila lugha, na siku hizi kamera ya simu hutafsiri maandishi vya kutosha.

Magari madogo ya aina hii yasiyo na chesisi ya pekee, Toyota RAV4 na Nissan X-Trail zikiwa miongoni mwake, huja na kitanzi cha kufunga kwa kuzungusha, kinachokaa pamoja na jeki na spana. Hufungwa kwenye tundu lililofichwa nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa. Kitanzi hicho ni halali, lakini kwa kazi yake: kukokotwa taratibu, kwenye njia ngumu, katika mstari ulionyooka. Ukivuta kwa pembeni, shingo yake hupinda. Ukivuta kwa mshtuko, huweza kukatika. Kwa gari lililotumika, hakikisha kwanza kwamba kipo. Wengi hugundua kuwa hakipo siku ya mvua.

Mpira wa chuma wa kufungia tela usitumike kamwe kulinasua gari. Katika hili hatuna la kupunguza. Shingo ya mpira huo iliundwa kwa ajili ya tela linalofuata taratibu. Ikikatika chini ya mkanda uliovutika, mpira huruka kama jiwe la manati na hupenya kioo cha gari. Vifo vya namna hiyo vimesharipotiwa nchini Australia, ambako kuendesha magari haya katika njia mbovu ni jambo la kawaida.

Ekseli, fimbo za usukani, mikono ya saspensheni, springi na bampa zenyewe si mahali pa kufungia kamba. Ngao ya mbele nayo haiaminiki kwa sababu tu ni nene. Ulizia imefungwa kwenye nini.

Mahali pa kweli

Mahali salama pa kuvutia ni ndoano au kitanzi kinene kilichofungwa moja kwa moja kwenye chesisi kwa bolti mbili au zaidi, kikitazama uelekeo ambao gari litavutwa. Magari yenye chesisi, kama Land Cruiser na Hilux, kwa kawaida yana nafasi ya kufungia kifaa hicho hata pale ambapo chenyewe hakipo.

Chukua tochi, ulale chini ya gari, usome vichwa vya bolti. Namba 8.8, 10.9 au 12.9 huonesha kwamba bolti ni ya chuma kigumu; kadiri namba inavyopanda, ndivyo uimara unavyoongezeka. Bolti isiyo na namba haistahili kazi hii. Angalia pia kutu iliyokula chuma, tundu lililopanuka, ufa karibu na mkunjo, na rangi mpya iliyopakwa sehemu hiyo peke yake. Rangi mpya kwenye gari la miaka 15 ina jambo inalolificha mara nyingi zaidi kuliko inavyopendezesha.

Kuhusu ndoano za kuchomelewa, mtazamo wetu ni huu: fundi stadi anaweza kuchomelea vizuri, ila mnunuzi hana njia ya kuona ndani ya mchomeleo, na joto hudhoofisha chuma kilichokwisha kukazwa kiwandani. Chagua kinachofungwa kwa bolti.

Iwapo gari lina sehemu mbili salama, moja kila upande wa chesisi, mkanda mfupi unaounganisha zote mbili hugawa mzigo. Usiuache uwe mfupi mno. Pembe kati ya pande mbili za mkanda ikiwa nyuzi 60, kila sehemu hubeba asilimia 58 ya mvuto. Ikifika nyuzi 120, kila sehemu hubeba mvuto wote, na faida ya kugawa imetoweka.

Shakeli na mkanda

Shakeli, ile pingu ya chuma yenye pini ya kuzungusha, huuzwa kwa bei za kila namna katika maduka ya spea ya Kariakoo na Ilala. Iliyo halali imechorwa kwenye mwili wake uzito salama wa kazi, kwa mfano tani 3.25 au 4.75. Isiyo na alama inafaa kufungia geti. Pini ikazwe hadi mwisho, kisha irudishwe robo mzunguko ili isigande baada ya kuvuta.

Mkanda wa kunasulia, ambao huvutika, uwe na uzito wa kukatika wa kati ya mara mbili na mara tatu ya uzito wa juu ulioidhinishwa wa gari jepesi kati ya hayo mawili. Kwa gari la tani 2.5, hiyo ni tani 5 hadi 7.5. Mkanda ulio dhaifu kupita kiasi hukatika. Ulio mgumu kupita kiasi hauvutiki, na mshtuko hurudi kwenye chuma. Mikanda miwili isiunganishwe kwa shakeli katikati, kwa kuwa mmoja ukikatika, shakeli hiyo huwa risasi.

Kabla ya kuvuta, chimbeni tope mbele ya magurudumu kwa koleo. Kazi hiyo ya dakika 10 hupunguza mvuto kuliko kifaa chochote cha dukani. Tandika gunia au blanketi lililolowa katikati ya mkanda ili lizuie mruko. Kisha waondoeni watu. Mitaani kwetu gari likikwama huvuta umati, vijana wa kusukuma na watoto wa kutazama, na wote husogea karibu na mkanda kwa sababu ndiko kuna la kuona. Wakae mbali kwa mara moja na nusu ya urefu wa mkanda: kwa mkanda wa mita 9, mita 13 na nusu. Anayesukuma asisukume wakati mkanda unavuta.

Unaponunua vifaa hivi, dai risiti inayotaja aina na uwezo wa kifaa, si neno "spea" pekee. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, na shakeli yenye alama ya tani ambazo haiwezi kubeba ni upotoshaji wa aina hiyo. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Kifaa kilichopinda au kukatika usikitupe wala usikirudishe dukani kabla ya kukipiga picha, alama zake zikionekana, pamoja na risiti.