Baridi ya Kaskazini: Yanayosemwa Msamvu na Yaliyo Kweli

Anayesafiri mbali kutoka Morogoro kwa basi hupitia stendi ya Msamvu, na akiwa na koti zito begani wakati wengine wanajipepea, hatakosa mtu wa kumpa ushauri. Shangazi aliyekuja kumsindikiza ana lake, kondakta ana lake, abiria wa kiti cha jirani ndiye mwenye mengi kuliko wote. Safari za kwenda nchi za baridi si ngeni hapa. Tangu miaka ya 1970, kabla SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, haijawa chuo kikuu kamili mwaka 1984, masomo ya misitu ya Morogoro yamekuwa na uhusiano na Norway, na wahadhiri na wanafunzi wetu wameishi Ås, kusini kidogo mwa Oslo, katikati ya theluji. Wengine wana ndugu Chicago, Minneapolis au Toronto, na mwaliko ukija Desemba au Januari hawaukatai.

Msomaji, najua umezisikia hadithi za baridi ya huko. Tuzipime moja moja, maana baadhi zina hekima ndani yake na moja inaweza kukuua.

"Theluji ikianza kudondoka, ndipo baridi inapokuwa kali kuliko yote."

Uongo. Theluji nyingi hudondoka hewa ikiwa karibu na sifuri, kwa sababu hewa iliyopoa mno haiwezi kubeba unyevu wa kutosha. Baridi inayouma kweli huja anga likiwa safi. Mtu wa Nyandira au Mgeta, milimani Uluguru, analijua hili bila kufundishwa: usiku wa Julai wenye nyota nyingi ndio unaomsogeza karibu na moto, na usiku wa mawingu una nafuu. Ardhi hupoteza joto lake kwenda angani usiku kucha, na mawingu ni blanketi linalolizuia. Kanuni ni ileile Uluguru na Oslo, tofauti ni kiwango tu. Ukiona theluji inadondoka taratibu, toka utembee. Ukiona asubuhi ya jua kali na anga la buluu, vaa vizuri zaidi.

"Kule baridi ikizidi, reli zinawashiwa moto."

Kweli, ingawa wengi wakionyeshwa picha hudhani ni za kubuni. Mwishoni mwa Januari 2019 Chicago ilishuka hadi karibu nyuzi 31 chini ya sifuri, na picha za miali ya moto kando ya reli zikazunguka dunia nzima. Reli yenyewe haikuwa inateketea. Zile ni hita za gesi zinazowekwa pale treni inapogeuzwa njia, ili theluji na barafu visikwamishe vyuma vinavyosogea. Treni zilipita hapohapo, moto ukiwaka pembeni.

"Ukifika huko utatetemeka usiku na mchana."

Uongo, na hapa ndipo wageni wengi wanapopata mshangao mzuri. Ndani ya nyumba ya Oslo mwezi wa Januari joto huwa nyuzi 20 au zaidi kidogo. Ndani ya nyumba nyingi za Mgeta mwezi wa Julai hewa ni baridi kuliko hiyo, maana nyumba zetu za milimani hazikujengwa kuzuia joto lisitoke: kuna uwazi chini ya paa, dirisha ni la kioo kimoja au la mbao, mlango unapitisha upepo. Kule ukuta umejazwa vifaa vya kuzuia joto, na dirisha lina vioo viwili au vitatu vyenye nafasi katikati. Minneapolis wamekwenda mbali zaidi: majengo ya katikati ya jiji yameunganishwa kwa njia za vioo ghorofa ya pili, na mtu anaweza kutoka ofisini hadi hotelini bila kuvaa koti. Toronto njia kama hizo ziko chini ya ardhi na urefu wake unafika kilomita 30 hivi. Kinachosumbua ndani ni ukavu wa hewa. Midomo hupasuka, pua huwasha, ngozi hupauka. Mafuta ya nazi ya nyumbani yatakusaidia sana. Yatie kwenye begi.

"Umeme ukikatika, washa mkaa ndani. Ukishakolea na moshi kwisha hauna madhara, mradi uache mlango wazi kidogo."

Uongo. Huu naomba uusome mara mbili na umsomee anayesafiri.

Moshi ukiisha, hatari haijaisha. Mkaa uliokolea na kuwa mwekundu unaendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Ikiingia mwilini hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu inashindwa kubeba hewa ambayo ubongo na moyo vinaihitaji. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi mzito. Mtu husema amechoka na safari, hujilaza, na haamki. Uwazi mdogo wa mlango hauiondoi gesi kwa kasi inayotosha, na kwenye nyumba iliyozibwa vizuri ili joto lisitoke, gesi nayo haitoki.

Tunalijua hili nyumbani. Kila msimu wa baridi husikika habari za familia ya nyanda za juu iliyolala na jiko la mkaa chumbani. Na tabia hiyo imesafiri na watu. Desemba 2006 dhoruba kubwa ilikata umeme Seattle na maeneo yake, kaskazini magharibi mwa Marekani, kwa siku kadhaa za baridi. Watu zaidi ya 200 walidhurika kwa gesi hii na wengine walikufa. Wengi wa waliotumia mkaa ndani walikuwa wahamiaji, zikiwemo familia za Kisomali, watu waliokuwa wamezoea kupika kwa mkaa na kuuamini. Gazeti la Seattle Times lililazimika kuchapa onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Hawakuwa wazembe wale. Walitumia ujuzi wa nyumba inayopitisha upepo ndani ya nyumba isiyopitisha.

Kwa hiyo umeme ukikatika, vaa nguo zote ulizonazo, kusanyikeni chumba kimoja, jifunikeni pamoja, na ikibidi nendeni kwa jirani au kwenye jengo la umma lenye joto. Jiko la mkaa libaki nje kabisa, mbali na madirisha. Na nyumba utakayofikia, uliza kama ina king'ora cha gesi hiyo.

"Nunua koti moja zito, mengine yote utayamudu."

Uongo. Kinachokupa joto ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, kwa hiyo nguo tatu nyepesi zinashinda koti moja nene. Ndani kabisa vaa fulana ya sufu au ya kitambaa kisichoshika jasho, juu yake sweta, na nje koti linalozuia upepo na maji. Ukiingia ndani unapunguza, ukitoka unaongeza. Pamba, tunayoipenda kwa joto la Morogoro, huko ni ya kuangalia: ikilowa jasho hukaa na maji na kukunyonya joto. Jinzi iliyolowa theluji ni adhabu. Hapa wazee wetu wako sahihi kabisa wanapokataza mtu kukaa na nguo mbichi, maana maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa.

Viatu chagua vikubwa kidogo, soksi mbili ziingie bila kubana, kwani kiatu kinachobana huzuia damu na kufukuza ile hewa yenye kutunza joto. Kama makoti ya mitumba yanapatikana, nunua bila aibu, mengi yalishonwa kwa ajili ya miji hiyohiyo. Viatu vya theluji ndivyo nisivyopenda vinunuliwe huku, kwa sababu soli yake ukiikosea utaijua ukiwa chini.

"Joto lote hutokea kichwani."

Uongo. Kichwa ni karibu sehemu ya kumi ya ngozi ya mwili wa mtu mzima, na hupoteza joto kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kofia vaa hata hivyo, masikio yako yanaihitaji.

"Damu ya Mwafrika haiwezi baridi."

Nusu kweli, na nusu hiyo si ya kudharau. Damu ni ileile, na aliyedai kuwa mtu mweusi hawezi kuishi penye barafu amesahau Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyesafiri na Robert Peary katika bahari ya barafu ya kaskazini kwa miaka mingi hadi safari yao maarufu ya 1909, akiendesha mbwa wa sleji na kuzungumza lugha ya Wainuiti. Lakini tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha mara kadhaa kuwa askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi ya vidole vya mikono na miguu kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wenzao wazungu wa jeshi hilohilo. Inaonekana mishipa ya vidoleni hubana haraka na kuchelewa kufunguka. Basi usishindane na mwenyeji anayetembea bila glavu. Kidole kikianza kufa ganzi, ingia ndani mapema. Usikisugue kwa theluji, na usikikaribishe kwenye moto, maana hakihisi kinapoungua. Kitie kwapani au kwenye maji ya uvuguvugu.

"Kinywaji kikali kinatia joto."

Uongo. Pombe hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, joto la ndani likakimbilia nje, nawe ukajisikia vizuri huku mwili unapoa. Tena hupunguza kutetemeka, ambako ndiko mwili unakojitengenezea joto. Chai ya tangawizi inatosha.

"Usikanyage sakafu ya baridi pekupeku, utapata mafua."

Hapa nimefurahi kuwapa bibi zetu haki yao. Kwa muda mrefu wataalamu waliwacheka, na kwa jambo moja walikuwa na hoja: mafua huletwa na virusi, na pasipo virusi unaweza kupoa mchana kutwa usiugue. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Cardiff, Uingereza, waliwachukua watu 180. Nusu yao walitia miguu kwenye maji ya baridi kwa dakika 20, nusu wakaiweka kwenye beseni tupu. Siku chache baadaye, 13 kati ya waliopoa miguu walikuwa na dalili za mafua, na kati ya wengine walikuwa 5. Maelezo ya watafiti ni kwamba baadhi yao walikuwa tayari na virusi puani, na miguu ikipoa, mishipa ya pua nayo hubana na ulinzi wake kupungua. Hukumu: kweli kwa sehemu kubwa. Vaa soksi.

"Kule jua halichomozi miezi mitatu."

Kwa miji mingi utakayokwenda, uongo. Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway, jua kweli halionekani kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Oslo linachomoza, ila kwa saa yetu ya Kiswahili siku fupi kuliko zote huanza saa tatu na robo asubuhi na kwisha saa tisa na dakika chache alasiri. Muislamu atakuta adhuhuri, alasiri na magharibi zimesogeleana mno, kwa hiyo apate ratiba ya swala ya msikiti wa jiji lile mapema. Toronto, iliyo kusini zaidi, ina karibu saa tisa za mwanga.

Lenye uzito ni hili: majira hayo jua la Oslo huwa chini mno kiasi kwamba ngozi haitengenezi vitamini D, na ngozi nyeusi ndiyo inayohitaji jua zaidi kuitengeneza. Anayekwenda wiki mbili asijali. Anayekwenda kusoma mwaka mzima amwone daktari kuhusu vidonge, au afanye kama Wanorwei wenyewe wanaokunywa mafuta ya ini la samaki.

"Maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi."

Kesi bado iko wazi, na mlalamikaji ni Mtanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliweka mchanganyiko wake wa aiskrimu kwenye jokofu ukiwa bado moto, ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Walimu hawakumsadiki. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akalipima badala ya kulipuuza. Makala yao ilitoka 1969, na jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Mwaka 2012 wanakemia wa Uingereza walipoomba maelezo walipokea majibu 22,000. Mwaka 2016 watafiti wengine wa Uingereza walipima upya na kusema hawakuliona. Mimi namheshimu Mpemba kwa kutoinamisha kichwa, na nasubiri vipimo zaidi.

Lakini usiyafanyie majaribio mlangoni kwa mwenyeji wako. Maji ya moto yakimwagwa kwenye kioo cha gari kilichoganda huweza kukipasua, na yakimwagwa kwenye ngazi ili kuyeyusha barafu, yenyewe hugeuka barafu yenye utelezi zaidi muda mfupi baadaye. Kuteleza ndiko kunakowaumiza watu wengi majira ya baridi. Tembea kwa hatua fupi, mikono iwe nje ya mifuko. Oslo, maduka ya viatu na ya michezo huuza vyuma vidogo vyenye meno vya kufunga chini ya soli; wazee wa huko huvivaa bila haya, nawe vinunue siku ya kwanza.