Safari ya angani kutoka Mwiki: Usikimbilie chombo kikubwa

MPWA wangu ni mwanafunzi wa chuo jijini Nairobi na anaishi na mamake Mwiki, upande wa Ruiru. Muhula uliopita, nauli yake ya wiki mbili iliyeyuka kwa usiku mmoja. Hakuibiwa ndani ya matatu, wala hakucheza kamari. Alinunua pesa za mchezo wa kompyuta, akazitumia kununua chombo kikubwa cha angani, akakipeleka mahali pa hatari, na kabla ya jogoo kuwika chombo kilikuwa majivu.

Asubuhi alimwambia mamake kwamba siku hiyo hakuna masomo. Siku ya tatu ukweli ukajitokeza. Dada yangu akanipigia simu: "Njoo uzungumze na mwanao."

Nilikwenda nikiwa tayari kukemea. Lakini nilipoketi naye mbele ya kompyuta, akinieleza, "Mjomba, tazama hapa, ndipo niliponaswa," nilitambua kwamba kilichomponza si mchezo bali pupa.

Mchezo huo unaitwa EVE Online. Ulitengenezwa na kampuni ya CCP ya Reykjavík, Aisilandi, na ukaanza Mei 2003. Wachezaji kutoka pembe nyingi za dunia hukutana katika ulimwengu mmoja, wakafanya biashara, wakachimba madini na kupigana. Tangu Novemba 2016 mtu anaweza kuanza bila kulipa hata senti. Kwa nini basi nauli iliteketea? Kwa sababu kijana hakutaka kungoja.

Stadi hukua hata ukilala

Katika michezo mingi, ujuzi hupatikana kwa kuua maadui usiku kucha. Hapa sivyo. Stadi hukua kwa saa za kawaida, dakika baada ya dakika, hata kompyuta ikiwa imezimwa na stima imepotea mtaa mzima. Mchezaji hupanga stadi zake katika foleni, kisha akaenda zake.

Kila stadi ina madaraja matano. Ile nyepesi huhitaji pointi 250 kufika daraja la kwanza, 1,415 la pili, 8,000 la tatu, 45,255 la nne na 256,000 la tano. Hebu zitazame vyema hesabu hizo. Zaidi ya asilimia 80 ya muda wote huliwa na daraja la mwisho pekee, ilhali faida yake aghalabu ni sawa na ya daraja lililotangulia.

Kwa hivyo anayeanza asiing'ang'anie stadi moja hadi kileleni. Azifikishe nyingi daraja la tatu au la nne kwanza: za nguvu za mitambo, za kinga ya chombo, za uendeshaji na za silaha. Tena achague aina moja ya chombo na aina moja ya silaha. Asiyelipa hukomea pointi milioni 5, na akizitawanya huku na huku atajikuta anajua kila kitu nusunusu.

Kazi za mawakala

Pesa hutoka kwa mawakala, wanaokaa vituoni na kugawa kazi. Wa kwanza kuwaendea ni wale wa mafunzo. Wao hutoa vyombo vidogo, vitabu vya stadi na pesa za kuanzia. Vijana wengi huwaruka kwa kuwaona wa kitoto. Mpwa wangu aliwaruka.

Baada yao, nenda kwa wakala wa daraja la kwanza, ambaye hambagui mgeni. Kila kazi uifanyayo vyema hukuongezea heshima, na heshima ndiyo ifunguayo mlango wa wakala wa daraja la pili na kuendelea. Ukishindwa, heshima hupungua.

Soma maelezo ya kazi kabla ya kuikubali. Silaha hudhuru kwa njia nne: umeme, joto, kishindo na mlipuko, na kila kundi la maadui lina udhaifu wake. Ukiona kazi imekuzidi, unaweza kumkatalia wakala mara moja kila baada ya saa nne bila kuadhibiwa. Ukizidiwa katikati ya vita, kimbia. Tengeneza chombo kituoni, kisha urudi umalize. Kukimbia si aibu.

Jihadhari pia na stima. Mchezo hauna kitufe cha kusimamisha. Taa zikizimika ukiwa vitani, chombo chako kinaweza kuendelea kupigwa.

Tazama nambari ya usalama

Kila eneo la anga lina nambari. Kuanzia 0.5 hadi 1.0, polisi wa mchezo humwadhibu mchokozi, ingawa hawakurudishii mali yako. Chini ya hapo, majambazi hukaa langoni wakingoja wageni. Hapo ndipo nauli ya mpwa wangu ilipoishia.

Wachezaji wa zamani wana kanuni moja: usirushe chombo usichoweza kukipoteza. Kabla ya kuondoka, hakikisha una pesa za mchezo za kununua kingine kama hicho. Kata bima pia, ingawa haifidii kila kitu. Na pesa za nyumbani zibaki nyumbani.

Tulivyokubaliana

Mwishowe tuliketi watatu. Dada yangu aliuliza swali moja: je, mtoto asipokesha, atabaki nyuma ya wenzake? Mpwa wangu alitazama chini, kisha akajibu kwamba la, stadi hukua vilevile.

"Kumbe mchezo wenyewe unamtaka mtu alale!" mamake akasema.

Tukaweka sharti. Apange foleni yake baada ya chakula cha jioni, afanye kazi moja au mbili za wakala, kisha azime. Asinunue chochote kwa shilingi. Nauli aliyoipoteza aliilipa kwa kumsaidia mamake kibandani kila Jumamosi, hadi deni likaisha.

Sasa anaendesha chombo kidogo alichopewa na mawakala wa mafunzo, wale aliowadharau. Juzi nilimuuliza atanunua lini kile kikubwa. Akacheka: "Bado, Mjomba. Stadi ziko foleni."