Gunia la Mahindi Liuzwe Lini?

Oktoba ni mwezi wa mahindi rahisi katika Kaunti ya Bungoma, magharibi mwa Kenya. Mavuno yamekwisha kupukuchuliwa na kuanikwa, karibu kila nyumba ina magunia, na mwenye lori anayepita kununua ndiye anayetaja bei. Kufikia Mei au Juni, mahindi mapya yakiwa bado machanga shambani, gunia lile lile huwa limepanda bei, katika miaka mingi kwa asilimia 25 hadi 40. Na wakati huo, miongoni mwa wanaopimiwa mahindi kwa gorogoro sokoni, wamo wakulima walioyauza yao Oktoba.

Wachumi Emma Stephens na Christopher Barrett waliichunguza hali hiyo katika kaya za magharibi mwa Kenya na kuchapisha kazi yao mwaka 2011. Waliona kaya zikiuza mahindi bei ikiwa chini, kisha zikinunua mahindi bei ikiwa juu, ndani ya mwaka mmoja. Anayetazama kwa mbali ataona kosa la hesabu. Semina nyingi za wakulima zimejengwa juu ya dhana hiyo: mkulima hana taarifa za bei, hana subira, basi afundishwe. Utafiti wa miaka hii kumi na mitano unaelekeza kwingine kabisa. Hesabu mkulima huyo anaijua vizuri. Kinachomwangusha ni masharti yaliyomzunguka, na masharti yanaweza kubadilishwa.

Hisabati ya maamuzi, ile inayotumika kupanga safari za ndege na njia za malori, inasaidia kuliona jambo hili. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich, mwanahisabati kijana wa Leningrad, aliletewa swali kutoka kwenye uzalishaji wa plaiwudi: mashine zigawiwe kazi vipi ili zitoe mbao nyingi kadiri inavyowezekana? Miaka minane baadaye Mmarekani George Dantzig, asiyeijua kazi ya mwenzake, alibuni njia ya haraka ya kukokotoa maswali ya aina hiyo. Kila swali huwa na lengo, huwa na mambo ya kuamua, na huwa na mipaka: mbao zilizopo, saa za mashine, fedha iliyo mkononi. Hazina iko kwenye mipaka. Kila mmoja una bei kivuli, yaani faida ambayo ingeongezeka kama mpaka huo ungesogezwa kidogo tu. Usiobana una bei kivuli ya sifuri. Uulegeze utakavyo, hakuna atakayefaidika. Unaobana ndio unaostahili fedha na sera.

Kuhusu nafaka iliyo ghalani, Robert Gustafson alionyesha mwaka 1958, katika kazi iliyotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, namna ya kukokotoa kiasi cha kuuza na kiasi cha kubakiza. Wazo hilo likishushwa hadi kwa mkulima mmoja linakuwa hivi: kila mwezi, chukua bei unayoitarajia baadaye, toa kitakacholiwa na wadudu, toa gharama ya kutunza, toa thamani ya kuwa na fedha mkononi leo. Kinachobaki kikizidi bei ya leo, tunza. Kisipozidi, uza.

Ni hiyo thamani ya fedha ya leo inayolemea mizani. Tuseme, kwa namba za mfano, gunia ni shilingi 3,000 Oktoba na 4,000 Juni. Faida ya kusubiri ni 1,000. Lakini mwenye gunia anakabiliwa na karo ya Januari, ana deni la mbolea, pengine ana mgonjwa hospitalini. Akikopa 3,000 kwa mkopeshaji wa kijijini anayetoza asilimia 10 kwa mwezi, riba ya miezi minane inafika 2,400, hata kama hakuna riba juu ya riba. Atakuwa amelipa 2,400 ili apate 1,000. Kwa mtu huyo, kuuza Oktoba ndiko kuliko sahihi, na mtaalamu anayemshauri avumilie anamshauri apate hasara.

Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel waliipeleka hesabu hiyo vijijini. Kwa misimu miwili kuanzia mwaka 2012, wakishirikiana na One Acre Fund, shirika lililoanzia Bungoma mwaka 2006, walichagua kwa bahati nasibu wakulima wa kupewa mkopo baada ya mavuno. Riba ilikuwa asilimia 10 kwa muda wote wa mkopo, na dhamana ilikuwa magunia ya mkulima mwenyewe, yaliyotiwa alama na kuachwa nyumbani kwake. Waliokopa waliuza kidogo wakati wa mavuno na kuuza zaidi bei ilipopanda. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kuwa mkopo huo ulizaa faida ya asilimia 29. Tarehe nayo ilikuwa na uzito wake: mkopo wa Oktoba ulionekana kufanya vizuri kuliko ule wa Januari, ambao ulifika wakati magunia mengi yameshaondoka.

Hadi hapo ni habari ya mkulima mmoja mmoja. Habari kubwa zaidi ilitokea sokoni.

Watafiti hao hawakusambaza mikopo kwa kiwango kimoja. Katika baadhi ya maeneo walikopeshwa wakulima wengi, katika mengine wachache. Palipokopeshwa wengi, magunia yaliyofika sokoni baada ya mavuno yalipungua, na bei ya msimu huo ikapanda. Kwa hiyo faida ya kusubiri ikawa ndogo kwa waliokopa, lakini jirani ambaye hakukopa hata senti, na ambaye alilazimika kuuza mapema kama kawaida yake, alipata bei bora. Fikiria hatari iliyopo hapa kwa anayetathmini mradi. Akiwalinganisha waliokopa na majirani wasiokopa, ataona pengo dogo na ataandika kwamba mkopo haukusaidia. Kumbe pengo ni dogo kwa sababu jirani naye ameinuliwa. Miradi mizuri inaweza kuzikwa na ripoti iliyopima mahali pasipo sahihi, na kwa mambo ya soko kosa hilo ni jepesi mno kufanyika.

Kuna jingine linalofuata. Benki inayokopesha haiwezi kumtoza jirani kwa faida aliyoipata. Sehemu ya manufaa inamwagika nje ya daftari lake, kwa hiyo ikiachwa peke yake itakopesha kidogo kuliko kiwango kinachoifaa jamii. Hiyo ni hoja nzito ya kutumia fedha ya umma katika mikopo ya mavuno, nzito kuliko huruma.

Fedha ikishapatikana, bado yupo mdudu. Dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980 na tangu hapo amesambaa katika nchi nyingi za Afrika. Wapo Wakenya wanaomwita Osama. Turudi kwenye namba za mfano. Akila sehemu moja ya kumi ya gunia, zile 4,000 za Juni zinakuwa 3,600. Ondoa riba nafuu ya 300, na mkulima amebakiwa na shilingi 300 kwa miezi minane ya kulala na wasiwasi.

Dawa ya mpaka huu ipo na bei yake si ya kutisha. Mifuko ya PICS, iliyotokana na kazi ya Larry Murdock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue waliyoianza kwa ajili ya kunde za Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, ina tabaka mbili za plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida. Ikifungwa vizuri, wadudu humaliza oksijeni iliyomo na kushindwa kuendelea kula wala kuzaana. Hakuna sumu ya kuchanganya na chakula. Jaribio lililofanywa katika wilaya mbili za Tanzania na kuchapishwa mwaka 2021 lilionyesha kuwa kaya zenye upungufu mkali wa chakula zilipungua kwa zaidi ya theluthi wakati wa msimu wa njaa baada ya kupewa mifuko ya aina hii. Sharti ni mahindi yawe yamekauka kweli, kwa sababu unyevu ukifungiwa ndani huleta ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Asiye na kipimo hutumia chupa kavu: atie mahindi na chumvi kavu, atikise, asubiri kidogo, chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yarudi juani.

Mpaka wa tatu ndio mgumu kuusogeza, nao ni bei yenyewe. Uchunguzi wa Christopher Gilbert, Luc Christiaensen na Jonathan Kaminski, uliochapishwa mwaka 2017 kutokana na bei za masoko ya nchi 7 za Afrika, uliweka pengo la wastani kati ya bei ya juu na ya chini ya mahindi katika mwaka kwenye asilimia 33 hivi. Wastani huo haumlindi mtu katika mwaka mbaya. Lila Cardell na Hope Michelson waliochambua bei za masoko mengi ya bara hili walionyesha kwamba ipo misimu isiyo michache ambayo bei haipandi vya kutosha kulipa gharama ya kutunza, na mingine hushuka kabisa. Tajiri mwenye maghala matano anaweza kuumia mwaka mmoja akafidia mwaka unaofuata. Mwenye magunia sita hana mwaka wa kufidia. Akikosea mara moja, mtoto anakaa nyumbani.

Serikali nazo huongeza mashaka hayo. Katikati ya mwaka 2017 Tanzania ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Mwezi Mei mwaka huo huo Kenya, ikiwa katika uhaba, iliingiza mahindi kutoka Mexico na kutoa ruzuku ili pakiti ya unga ya kilo 2 iuzwe shilingi 90. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikaufungua tena kwa masharti. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na mlaji wa mjini ana haki ya kulindwa. Lakini mkulima anayepanga kutunza mahindi hadi Mei anaweka dau juu ya tangazo ambalo halijatolewa, na inaeleweka akikataa kulicheza.

Linganisha mipaka hii na ule unaopendwa na wafadhili, taarifa. Jenny Aker alionyesha kuwa simu za mkononi zilipoingia Niger kati ya 2001 na 2006, tofauti ya bei za nafaka kati ya soko na soko ilipungua kwa asilimia 10 hadi 16. Hayo ni mafanikio makubwa, na chanzo chake kilikuwa wafanyabiashara, watu wenye magari na mitaji, ambao wakijua bei ya mji mwingine wanaweza kuhamisha mzigo. Marcel Fafchamps na Bart Minten walipowatumia wakulima wa Maharashtra, India, bei kwa ujumbe wa simu, bei waliyouzia haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Kujua bei ya Juni hakulipi karo ya Januari.

Na mnunuzi mwenye lori? Bergquist, safari hii na Michael Dinerstein, waliwapunguzia gharama wafanyabiashara wa mahindi katika masoko ya magharibi mwa Kenya, halafu wakapima ni kiasi gani cha nafuu hiyo kingemfikia mlaji kwa njia ya bei. Kilimfikia kwa asilimia 22 tu. Mwenendo wa wafanyabiashara hao ulifanana na wa watu waliopatana bei, na kuwavutia wafanyabiashara wapya sokoni kulibadilisha mambo kidogo sana. Barabara mpya na mafuta ya bei nafuu, kwa hiyo, hubakiza sehemu kubwa ya faida yake mifukoni mwa walio katikati.

Tanzania ilijaribu kuwazunguka walio katikati kwa sheria. Sheria ya stakabadhi za ghala ilitungwa mwaka 2005, na mfumo wenyewe ukaanza kutumika kwenye korosho huko Mtwara katika msimu wa 2007. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unapimwa, unaingia ghala lenye leseni, na unauzwa mnadani. Stakabadhi inaweza pia kuwa dhamana ya mkopo. Kwa hisabati ya mipaka, ni mfumo uliokamilika: unaleta wanunuzi wengi, unatunza mzigo na unaweza kutoa fedha mapema. Unapokwama, aghalabu hukwamia hapo penye fedha mapema. Malipo yakichelewa wiki kadhaa, kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho nje ya mfumo, huwa amefika na noti taslimu, na wakati mwingine huja korosho zikiwa bado mtini. Amepigwa marufuku, amesakwa, na bado anarudi, kwa sababu anauza kitu ambacho mfumo rasmi umeshindwa kukifikisha kwa wakati.

Timu ya Burke ilirudi kuwatazama wakulima wake baada ya mikopo kusitishwa. Kama shida ingekuwa ujinga, misimu miwili ya kuuza kwa faida ingetosha kuwafunza, na wangeendelea peke yao. Hilo halikuonekana: namna yao ya kuuza na ya wale ambao hawakuwahi kukopa hazikuachana kwa kiasi kikubwa. Mkopo uliisha, mahitaji ya Oktoba na karo ya Januari vikarudi pale pale, na magunia yakapakiwa kwenye lori kama zamani. Kwa chama cha ushirika au benki inayofikiria bidhaa ya aina hii, maana yake ni kwamba fedha lazima iwe tayari kila mavuno, mwaka baada ya mwaka, kabla lori la kwanza halijapita.